Research paper ya Kiingereza iliyotaka kumhamisha jirani yetu (Bwiza, Bujumbura, miaka ya vita)

Wakuu, salaam kwenu, wake kwa waume.

Nimesoma nyuzi za vijana wanaolalamika kuhusu research wanazopewa shuleni, nikacheka peke yangu. Leo naweka ya kwangu. Hii si chai. Niliishi mwenyewe, nilikosea mwenyewe, na pale nilipokuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga. Anayetaka stori tamu tamu apite uzi mwingine, sitanuna.

Mimi ni mtoto wa Bwiza, Bujumbura. Baba alikuwa fundi magari, garaji yake ilikuwa uani kwetu. Sisi ni Waislamu wa pale pale mjini, babu wa baba alizikwa Buja. Wakati huo vita imeshika nchi na mimi niko mwaka wa mwisho wa sekondari.

Kwenye Kiingereza sikuwa na mpinzani. Mnisamehe, lakini ukweli ndio huo. Shule nzima inasoma kwa Kifaransa, Kiingereza wanakiona kama adhabu, mimi nakitafuna tu.

Mwalimu wetu wa Kiingereza tulimwita Prof Anselme. Alikuwa mkimbizi kutoka upande wa Uvira, shati moja jeupe, linafuliwa kila siku. Siku moja akaingia darasani akasema kila mtu ataandika research paper. Nusu ya pointi za mwaka.

Hapo niwaeleze kitu. Shuleni kwetu kazi ilikuwa kunakili. Prof anaandika ubaoni, wewe unaandika kwenye kaye, yaani daftari, siku ya mtihani unamrudishia maneno yake vile vile. Aliyerudisha bila kukosa hata nukta ndiye wa kwanza. Hakuna aliyewahi kutuambia tukatafute jambo ambalo mwalimu mwenyewe halijui.

Prof Anselme akasema tutafute. Tuulize watu. Na kila tunachoandika tuonyeshe kimetoka kwa nani: jina, mahali, tarehe. Hakuna source, hakuna pointi.

Wenzangu wakachagua mambo mepesi, ziwa Tanganyika, kahawa, malaria. Mimi nikaona hayo ya watoto. Nikachagua title yangu, kuhusu avenyu, yaani barabara ya mtaani kwetu: Watu wa avenyu yetu wametoka wapi?

Najua wengine mmeshaanza kushika kichwa. Subirini.

Kwa wasioijua Burundi ya miaka ile: kumuuliza mtu ametoka kilima gani ilikuwa ni kumuuliza kabila kwa mlango wa nyuma, na watu walikuwa wanakufa kwa jibu lake. Mimi nililijua hilo vizuri sana. Ila sisi Waswahili wa Bwiza tulijidai hatumo kwenye ugomvi huo. Tuko katikati, tunaongea na wote, kila mtu anatuamini. Kwa hiyo nikaona mimi naweza kuuliza lolote.

Nikachukua rula na kalamu nyekundu, nikapiga jedwali safi. Nyumba. Jina la mwenye nyumba. Walikotoka. Mwaka waliofika. Idadi yao. Lilipendeza, wakuu. Nililionyesha darasani kabla hata ya kulijaza.

Siku tatu nilizunguka kila nikitoka shule. Watu walinijibu vizuri tu, binti wa fundi, kaa mwanangu, kunywa chai. Nikajaza nyumba kumi na kitu.

Kisha nikafika kwa Mama Odette.

Huyu alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta. Mjane, watoto watatu, kazi yake kupiga pasi nguo za watu kwa pasi ya mkaa. Alihamia Bwiza baada ya kartie, yaani mtaa wao wa zamani, kuchomwa. Mama yangu alipokuwa mgonjwa, yeye ndiye aliyekuwa anatupikia. Nampenda mpaka leo.

Nikamuuliza ametoka kilima gani. Akaiweka pasi pembeni, akafunua kaye yangu, akaangalia ile mistari myekundu muda mrefu. Akasema kwa upole kabisa, "Niache kwanza nimalize hizi nguo. Rudi kesho."

Kesho yake, Alhamisi, natoka shule naona avenyu si ile. Wanawake waliokuwa wanapiga soga kwenye robine, ule mfereji wetu wa maji, wakanyamaza nilipopita. Milango ambayo jana ilikuwa wazi imefungwa. Na kwa Mama Odette godoro liko nje, limefungwa kamba.

Baba alikuwa ananisubiri. Hakuwa na spana mkononi, nikajua kuna jambo.

"Lete kaye."

Nikampa, nikaanza kumwelezea mambo ya sources kwa kujiamini. Baba Kiingereza hajui hata neno. Akafungua kwenye jedwali, akakaa chini juu ya tairi.

"We mutoto," akasema, "unajua hii ni kitu gani?"

Nikasema ni kazi ya shule.

"Apana. Hii ni liste ya majina."

Akaniambia jambo ambalo nyumbani halikuwa limesemwa mbele yangu. Kuna wakati alipita mtu kwenye avenyu hii hii na daftari, mtu wa adabu, anaongea vizuri. Anasema anaandika watu kwa ajili ya msaada wa chakula. Watu wakampa majina yao na walikotoka. Baada ya siku chache wakaja wengine, wanajua pa kugonga.

Nilikuwa nimepiga mistari yangu kwa rula, na nimewaonyesha watu arobaini darasani.

Mama Odette alikuwa ameshapata nafasi kwenye lori la Jumamosi asubuhi kwenda kwa dada yake ndani ya nchi. Barabara ile kila mtu alikuwa anaijua. Malori yalikuwa yanapigwa risasi, mengine hayafiki. Angewapandisha watoto watatu kwenye lori lile kwa sababu ya homework yangu.

Nikamwomba baba aende akaongee naye. Akakataa. Akasema aliyeandika ni mimi, basi niende mimi.

Nikaenda. Nikachukua kaye, nikachana zile kurasa mbele yake moja moja, nikazitia kwenye mkaa wa pasi yake. Kazi ya wiki nzima, na paper inatakiwa Jumatatu. Nikadhani hapo nimemaliza.

Mama Odette akaangalia mpaka zikawa majivu. Kisha akasema, "Karatasi imeungua, sawa. Na hiyo iko mu kichwa yako?"

Wakuu, mimi nina mdomo. Walionizoea humu wanajua. Siku hiyo niliokota kaye yangu tu. Nikarudi nyumbani nikalia kama mtoto mdogo.

Usiku ule sikulala vizuri, na kesho yake nikafanya uamuzi. Kama hofu yake ni kile ninachokijua, basi nisimfiche ninachokiandika.

Ijumaa sikwenda shule. Nikaandika upya. Hakuna jina, hakuna kilima, hakuna mwaka wala idadi. Swali nikalibadilisha: avenyu hii inaishije pamoja? Nikaandika nyumba inayochoma sindano watu bila kuwauliza wao ni nani. Nyumba yenye redio nzuri ambayo wote huenda kusikilizia habari. Garaji ambayo siku ya mirindimo ya risasi watu hujibanza nyuma ya injini. Niliyajua yote hayo bila kumuuliza mtu, maana nimekulia mle.

Jumamosi saa mbili asubuhi nikatoka na karatasi zangu, nikakaa kwenye kizingiti cha Mama Odette. Mizigo iko nje, watoto wamevalishwa viatu. Nikamwambia nimekuja kumsomea, na lolote asilolitaka nalifuta hapo hapo.

Nikawa nasoma Kiingereza, natafsiri Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Baba akaja akasimama. Wakaja wale wa robine na ndoo zao. Mwenye redio akaomba sentensi moja itolewe, nikaitoa bila kubisha. Mwingine akasema mimi nimesahau kwamba kwake ndiko jeneza la avenyu linakotengenezewa, nikaongeza.

Nikafika kwenye nyumba ya anayepiga pasi. Nilikuwa nimeandika kwamba nguo za avenyu nzima zinapita mkononi mwake, na kwamba anapika kwa majirani wakiwa wagonjwa.

"Si kweli," Mama Odette akasema.

Nikashika kalamu tayari kufuta.

"Si nguo zote. Ile suruali ya mwenye redio anapigaka mwenyewe, na anaiunguza."

Watu wakacheka. Mwenye redio akaanza kujitetea, Mama Odette akamjibu, ikawa mabishano ya suruali. Katikati ya mabishano hayo lori likapiga honi kule barabarani. Likapiga tena. Kila mtu alilisikia, na hakuna aliyemtazama.

Mama Odette akainama, akaanza kufungua kamba ya godoro.

Nikamuuliza polepole, maana Prof alitaka source kwa kila jambo, nimwandike vipi. Hakuinua hata uso.

"Jina apana. Wakikuuliza natokaka wapi, andika natoka hapa."

Niliandika hivyo hivyo. *She comes from here.*

Jumatatu Prof Anselme akasoma paper yote akiwa amesimama. Akauliza majina ya sources yako wapi. Nikamwambia mbele ya darasa kwamba majina yapo na sitampa, na nikamweleza kwa nini. Akanipunguzia pointi mbili kwa sababu sheria yake ni sheria, na mimi sikudai. Ila kuanzia muhula ule hakumtaka tena mwanafunzi yeyote aandike jina la mtu.

Funzo nililolipata, nawaachia bure: kabla hujamuuliza mtu swali, jiulize yeye aliwahi kuulizwa na nani kabla yako. Usijione uko nje ya mambo kwa sababu wewe hayajakugusa. Na ukiandika kuhusu watu, wasomee wao kwanza, mwalimu baadaye. Baadaye nimefanya kazi za utafiti miaka mingi na mashirika tofauti, sijawahi kuvunja hilo.

Mama Odette amezeeka, magoti yanamsumbua, na bado yuko avenyu ile ile. Juzi nilimpigia simu kumwomba ruhusa ya kuandika uzi huu. Nikausoma wote kwenye simu. Akanikatiza mara moja tu, akasema watoto siku ile hawakuwa wamevaa viatu, walikuwa miguu peku, kwa sababu hata yeye hakuwa ameamini kwamba anaondoka.

Nimeacha kosa langu pale juu ili mlione. Wa Buja, wa Uvira, wa Kigoma, na nyie wote mliowahi kujibu swali huku mnatetemeka, uwanja ni wenu, tiririkeni.