Masale ya Jirani

Jirani yetu pale Nangara ni mzee wa kupewa shikamoo, na mimi simpi. Ng'o! Tukikutana njiani nampita kama nguzo ya umeme. Watu wakisema nimekosa adabu, nawaambia waniache nikose.

Alikuja mkoa wetu ukiwa bado mpya. Babati ilikuwa imepewa makao makuu, na kila wiki watu walishuka na magodoro yao, wengine wa ofisini, wengine wa biashara. Kabla ya hapo Nangara yetu ilikuwa mahindi na maharage, nyumba moja hapa, nyingine kule. Mama alikuwa mjane. Baba alimwachia nyumba ya vyumba viwili, shamba dogo, na kinjia cha upana wa hatua nne kilichotutoa nyumbani mpaka barabarani. Njia nyingine hatukuwa nayo. Mzee akanunua kipande kilichopakana na kile kinjia, na mama akamkaribisha kwa maziwa ya mgando.

Mvua za kwanza akapanda masale. Huko Kilimanjaro alikotoka, hata mtoto anajua kwamba isale ni mpaka, na likishasimama haling'olewi. Sisi ambao asili yetu ni Dareda, huku huku Babati, tulijua nini? Mama aliona mmea wa majani marefu, unapendeza, akasema, "Jirani ana mkono wa maua." Mzee aliyapanda ng'ambo ya kinjia, upande wetu. Kiangazi kilipofika mzee akasafiri, na mama akawa anayamwagilia. Kila jioni! Ndoo kichwani kutoka bombani, anaumwagilia mpaka wa mtu anayemnyang'anya, tena anaimba pambio. Nikikumbuka hilo natamani kulia, na natamani kumpiga mtu.

Viwanja vilipoanza kugombewa, mzee akaita viongozi wa mtaa. Kinjia ni changu, akasema, na ushahidi ni masale. Mama akabisha. Mwenyekiti akamuuliza swali moja tu: "Mama, hii mimea ni nani alikuwa anaimwagilia?"

Mama yangu hakujua kudanganya. "Ni mimi," akasema.

Basi, kwisha. Eti aliyeutunza mpaka ameukubali! Mzee akasimamisha ukuta wa tofali za kuchoma, kinjia kikabaki kwake. Nikamwambia mama twende baraza la ardhi. Akasema, "Mwanangu, jirani ni ndugu. Tutapitia kwa wengine." Tukapitia kwa wengine miaka yote hiyo. Tulianzia uani kwa mama mmoja muuza vitumbua, naye pia mtu wa Kilimanjaro, ambaye hakutufungia hata siku moja. Kisha tunashuka mtaroni, kisha tunainama chini ya seng'enge. Wema ulimponza mama.

Alipofariki nilimwendea mzee nikamwomba abomoe ukuta sehemu ndogo tu, jeneza lipite. Nilimwamkia. Nilipiga magoti. Akasema fundi wake yuko mbali, nimpe siku mbili. Siku mbili, na maiti iko ndani! Tukambeba mama kwa ile njia yake ya kuzunguka. Mtaroni kulikuwa na tope, wanaume wakateleza, jeneza likainama, na seng'enge ikachana kitambaa cheupe tulichokuwa tumelifunikia. Nilisikia mwili wake ukisogea ndani. Nikaapa palepale kutomsamehe mzee, na Mungu akitaka kunisamehe mimi atanisamehe.

Miaka ikapita. Wapimaji wakaja kurasimisha makazi ya mtaa wetu, na kila anayetaka hati sharti majirani anaopakana nao wasaini kwamba mpaka hauna ugomvi. Mnaona sasa? Malipo ni hapa hapa duniani. Asubuhi moja mzee akaja mlangoni kwangu, fomu mkono mmoja, jani la isale mkono wa pili. Alikuja na yule mama wa vitumbua amsemee. Mama yule akaninong'oneza kwamba kwao, ukiletewa jani lile lazima usamehe, hata kama umeuliwa ndugu.

"Kwao," nikasema.

"Binti yangu, nimekosa," mzee akasema. "Nina wajukuu, nataka niwaachie nyumba yenye hati. Kesho nabomoa ukuta. Kinjia chukua chote."

"Cha nini? Aliyekitaka ameshapita."

Akaninyooshea lile jani, nami nikaliangalia tu bila kulipokea. Nilifurahi, sitaki kuficha. Nilimwacha asimame pale mpaka akachoka, akaegemea mlango.

"Mama yako angesaini," mama wa vitumbua akaniambia.

"Najua angesaini," nikamjibu. "Ndiyo maana alizungushwa mtaroni."

Nikamrudishia mzee fomu yake na kalamu yake, nikaingia ndani kuchambua maharage. Mpaka leo hati hana. Na mimi mpaka leo, nikitoka kwenda sokoni, nainama chini ya seng'enge.