Alama ya Paji la Kamanthe

Musili ndiye aliyeileta ile sheria, na hilo ndilo linalomkereketa hadi leo. Ingeletwa na mtu mwingine, angalau angepata wa kumlaani.

Kikundi cha waandishi cha Matuu kilikuwa na watu tisa, na wanane kati yao walimwogopa wa tisa. Huyo alikuwa Mwalimu Kimeu, mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu aliyewafundisha nusu ya wanachama wake kusoma. Mwalimu akileta shairi bovu, wote husifu. Musili, mpima magunia ya mahindi sokoni, akileta zuri, wote hukohoa na kutazama saa. Basi Jumamosi moja Musili akapendekeza kila mtu aandike shairi lake bila jina, akunje karatasi na kuitia kwenye katoni, kisha kila mmoja achomoe isiyo yake awasomee wenzake. Hapo litahukumiwa shairi, si mtu. Watu wakapiga makofi. Hata Mwalimu alipiga, japo polepole. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Mwezi uliofuata Musili alitia kwenye katoni shairi alilomtungia mkewe. Kamanthe alikuwa amebeba maji kutoka mfereji wa Yatta tangu usichana wake, mtungi mgongoni na ukanda wa ngozi umepita kwenye paji la uso, kama wabebavyo wanawake wa Ukambani. Ukanda ule ulikuwa umemwachia bonde jembamba juu ya nyusi. Ukilipitisha kidole unalihisi. Alilionea haya, akilificha chini ya kitambaa hata akienda kanisani. Musili akamwandikia beti sita, na kila ubeti ukafungwa na mstari huu:

Alama ya paji lako, naisoma kila siku.

Siku alipomsomea, Kamanthe alikuwa akichambua mbaazi. Alifungua kitambaa, akakitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Hakukivaa tena.

“Nikifa, baba Ndanu,” akasema, “unisomee hii mbele ya watu wote. Usiwachie pasta.”

Musili akaapa.

Siku ya kikundi, aliyelichomoa lile shairi kwenye katoni alikuwa Mwalimu Kimeu. Na haki yake apewe: kusoma alijua. Alilisoma hadi Waruguru, katibu wao mwenye duka la fotokopi, akatoa leso. Nani ametunga? Sheria ilikataza kujibu. Musili akakaa kimya kwenye dawati lake, amejaa fahari, na sidhani amewahi kuionja tena fahari ya namna ile.

Waruguru alipochapa kijitabu cha kikundi, aliyaandika majina kwa kukumbuka, na alichokumbuka ni sauti. Chini ya shairi la Kamanthe akaandika Kimeu. Hakuwa na ubaya. Musili alipomwendea, alishika kichwa, akaomba msamaha, akamtuma kwa mwenyekiti. Mwenyekiti alimkaribisha chai.

“Mimi sijasema ni langu, Musili,” akamwambia. “Lakini vitabu vimeshatoka. Tutarekebisha tukichapa tena. Na si hata hivyo shairi ni la kikundi?”

Havikuchapwa tena. Kilichokuja ni mialiko. Mwalimu alilisoma harusini Kithyoko, akalisoma mazishini Ekalakala, akalisoma redioni, na mtangazaji alipolisifu shairi lake, Mwalimu alisema asante. Hakuwahi kutamka kwamba ni lake. Mjanja hana haja ya kudanganya pale ambapo kunyamaza kunatosha. Mkewe ana bomba la maji uani na paji laini kama sahani, lakini nani aliuliza?

Musili alitaka kwenda kumkabili mbele ya kikundi chote. Kamanthe ndiye aliyemzuia.

“Wacha tu,” akasema. “Mimi niko na paji. Yeye ako na nini?”

Wakacheka wote wawili, wakafunika kombe. Ulikuwa ujinga. Walidhani jambo likijulikana na mtu na mkewe limejulikana, wasikumbuke kwamba mmoja wao lazima atangulie.

Aprili iliyopita figo zikamshinda Kamanthe, akafa. Siku ya mazishi binti yao Ndanu alikuja kutoka Mavoko, anakoshona nguo kiwandani; Mwalimu Kimeu naye akaja, na kikundi kizima, na nusu ya soko. Jeneza likafunguliwa ili watu wamuage. Walipita mmoja mmoja, na kila mmoja aliiona alama ile juu ya nyusi, maana Musili alikataa katakata asifungwe kitambaa.

Kisha akashika maikrofoni na kuanza kusoma. Kwenye ubeti wa tatu alisikia waombolezaji wakiitikia mstari wa mwisho pamoja naye. Moyo wake ukafurahi, alidhani wanamfariji. Ubeti wa nne wakautangulia. Ndipo alipojua kwamba walilisikia redioni.

Alipomaliza, pasta alimpokea maikrofoni. “Tumshukuru mzee wetu kwa kutuchagulia shairi la Mwalimu Kimeu,” akasema. “Mwalimu, simama watu wakuone.”

Musili akamtazama Mwalimu. Neno moja tu lingetosha. Mwalimu alisimama, kofia kifuani, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu wake wote.

“Pole sana, ndugu yangu Musili,” akasema. “Umelisoma vizuri.”

Watu wakampigia makofi, pale pale kaburini. Musili angeweza kusema, lakini nani angemsikiliza mpima mahindi akigombania kijitabu juu ya jeneza la mkewe? Wenzake wa kikundi, hata Waruguru, walimwogopa Mwalimu mno; shahidi wake wa kweli alikuwa mmoja tu, na ndiye huyo waliyekuwa wanamteremsha. Mnyonge hana haki. Akachukua udongo, akautupa, akarudi kukaa.

Jioni, wageni walipokwisha kwenda, Ndanu alimletea baba yake uji na kuketi karibu naye. Alikaa akikizungusha kikombe chake mkononi, halafu akasema lililokuwa linamuuma tangu mchana.

“Baba, si wewe unaandikanga tangu niko mdogo? Hata mama hukuwahi kumtungia lake?”

Musili aliinua macho, akakiona kile kitambaa, bado kiko msumarini nyuma ya mlango.

“Lile ni lake,” akasema. “Nilitunga mimi.”

Ndanu akauchukua uji ambao baba yake hakuwa ameugusa, akauweka chini, akamshika mkono kama unavyomshika mgonjwa.

“Sawa, baba,” akamwambia kwa upole. “Lakini hujalala siku tatu. Hebu lala kidogo.”