Saini Niliyoitia Dakani

Juzi redioni walikuwa wakizungumza habari ya mtambo wa umeme wa nyuklia, kama ujengwe huku pwani au usijengwe. Bwana mmoja mwenye sauti ya mtu aliyesoma akasema watu wasiwe na hofu, wakaguzi watakuwapo. Mambo ya nyuklia siyajui. Mimi nimesoma chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, na miaka minne ya skuli ya serikali, basi. Lakini ukaguzi naujua kidogo, na nilitaka kumwuliza bwana yule swali moja tu: hao wakaguzi watakaa wapi? Nikatoa daftari langu la zamani. Nitaeleza yaliyomo, na pale nilipojipendelea nitasema.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa karani mdogo katika ofisi ya mji, Lamu, na mojawapo ya kazi zangu ilikuwa kukagua ghala la mafuta. Ghala la maana lilikuwa moja, la mfanyabiashara aliyeuza mafuta ya taa mji mzima, na petroli kidogo kwa mashine za boti. Kibali chake kilikuwa na masharti: madebe ya mafuta ya taa yasizidi ishirini, petroli isiwekwe kabisa chini ya nyumba wanamolala watu, ndoo nne za mchanga mkavu ziwe karibu na mlango, taa ya moto isiingizwe. Kila mwaka, kabla ya kutolewa kibali kipya, mkaguzi aende akaone, kisha atie saini.

Kwenda tulikwenda. Kuona hapana aliyeona.

Mtu wa Lamu ataielewa sababu upesi. Ghala lilikuwa chumba cha chini ndani ya nyumba yake ya mawe, nyuma ya kiwanda, yaani ua wa ndani, na kiwanda ni cha wanawake. Ndiko wanakofua na kupika na kukaa vichwa wazi. Mlango mwingine haukuwapo. Mwanamume mgeni mahali pake ni dakani, kwenye vibaraza vya mlangoni, na huko huletewa kahawa. Basi wakaguzi wote walionitangulia walikagua dakani. Walimwuliza mwenye ghala, "Madebe mangapi?" Akasema ishirini. Wakaandika ishirini. Mwaka wangu wa kwanza nami niliandika ishirini, nikatia saini, nikaomba kikombe cha pili. Sikuona kwamba nimesema uongo. Niliona nimefanya adabu.

Mwaka wa pili nilikwenda wiki mbili kabla ya Maulidi, mji umeanza kujaa wageni kutoka Pate na Kiwayu. Dakani alikuwapo mwenye ghala, mtu mnene mchangamfu, pamoja na jirani yake mshona kofia, ambaye ulimi wake ulikwenda mbio kuliko sindano. Mlango ukafunguka kidogo, mkono wa kike ukatoa sinia. Nikapiga funda.

Kahawa ilinuka petroli.

Nikamtazama mwenye ghala. Anakunywa, anapangusa mdomo, anajimiminia tena. Mshona kofia vilevile. Nikadhani ni pua yangu, maana mimi hujitilia shaka hata nikisoma saa. Nikaonja tena. Petroli.

"Bwana," nikasema, "yeo naomba niingie nilione ghala."

"Liko pale pale lilipokuwa mwaka jana."

"Mwaka jana sikuliona."

"Na saini ulitia?" akauliza mshona kofia, hajainua uso.

"Kuna wanawake ndani, mwanangu," akasema mwenye ghala, kwa upole, kama amwambiaye mtu kitu anachokijua.

"Wapewe habari, wapande juu. Nitangoja."

"Weye umetumwa kukagua mafuta au kukagua majumba ya watu?" Mshona kofia sasa aliacha kazi yake. "Bwana, mwekee na kiti kiwandani, awahesabu na kuku!"

Walicheka wote wawili. Nikakunja karatasi yangu, nikasema sitii saini. Daftari limeandika kwamba nilisema kwa ushujaa. Si kweli, nilisema nikilitazama sinia.

Mwenye ghala akaacha kucheka. "Bila kibali siuzi. Na nisipouza, Maulidi mutasoma kizani. Watu wakiuliza, nitawaambia ni nani."

Niseme haki yake. Hakuwa mtu mbaya. Kila Maulidi aliutilia msikiti mafuta bila ya kuombwa, na kama madebe yalizidi, yalizidi kwa sababu mji mzima ulimtegemea yeye kwa taa za siku zile.

Ofisini karani mkuu alinisikiliza, kalamu sikioni. "Tia saini tu. Miaka yote twatia. Kama hutaki, niandikie sababu niipeleke juu. Lakini uandike ulichokiona."

Nami sikuona kitu. Nilinusa tu.

Nyumbani nilimweleza mama. Alikuwa akichambua mchele. "Mimi nilikuzaa uingie katika viwanda vya watu?" akasema, na siku ile hakusema nami tena. Lakini asubuhi alivaa buibui lake akaenda kumwamkia mke wa mwenye ghala, kama wanawake wanavyoamkiana, akarudi adhuhuri.

"Hapana pa kuweka mguu," akasema. "Petroli iko chini ya ngazi. Debe moja lavuja, wamelitegea bakuli. Na kutoka hapo hadi jiko la kahawa ni hapa na pale." Akanionyesha mlango wetu na mtungi, hatua sita hivi. "Juu hulala Bi mwenyewe na binti zake, na wageni wa Pate na watoto wao. Ngazi ni hiyo moja."

Nikashika kalamu kwa furaha, Mungu anisamehe. Kisha nikaiweka.

"Mbona huandiki?"

"Wametaka nilichokiona, mama."

"Mato yangu si mato?"

"Ni mato. Lakini saini ni yangu. Mwaka jana nilitia saini kwa maneno ya bwana wa nyumba. Mwaka huu nitie kwa maneno yako?"

Nilifikiri atanitukana. Akasema, "Basi twende sote."

Tulikwenda baada ya sala ya alasiri. Mama akabisha hodi, akaitikiwa, akaingia. Mwenye ghala akasimama mlangoni, mkono umeshika mwimo. "Nimekwisha kukwambia, kuna wanawake ndani."

Sauti ikatoka nyuma ya mlango, ya mkewe, nayo haikuwa ndogo.

"Hao wanawake ni sisi, Bwana. Weye hulala dakani kwa joto. Mimi ndiye nilalaye juu ya madebe. Wamfungia ndia kwa ajili yangu, na mimi hukuniuliza." Kisha akaniambia mimi, "Tumejifunika, mwanangu. Ingia. Kahawa mumeinywa watatu, ni weye peke yako uliyeionja."

Mwenye ghala akauondoa mkono, pole pole.

Nilipita kiwandani nikitazama vidole vya miguu yangu, mpaka mama akaniambia, "Inua uso, utahesabu nini chini?" Akaushika mlango wa ghala wazi ili mwanga uingie, maana taa imekatazwa. Nikahesabu madebe sitini na moja ya mafuta ya taa. Nikahesabu tena, sitini na moja. Ya petroli tisa, chini ya ngazi, na bakuli lile limejaa nusu. Ndoo za mchanga zilikuwapo zote nne, kama kibali kilivyosema. Tatu zimepandwa rehani, zimestawi vizuri. Ya nne paka amezaa ndani yake.

Mtindo wa ripoti za ofisi ulinishinda, nikaandika kwa mpango nilioujua: kwanza nilichokiona, halafu yanayomtetea mwenye ghala, pamoja na mafuta ya msikiti. Mwisho niliandika kwamba mwaka uliopita nilitia saini bila ya kuingia. Karani mkuu alisoma akaniambia, "Hili la mwisho lifute. Hakuna aliyekuuliza." Kweli hakuna aliyeniuliza. Lakini kama ishirini yake ilikuwa ya uongo, na yangu ilikuwa ya uongo, na haiwezekani ya kwake iandikwe na ya kwangu ifichwe. Nikaliacha.

Amri ilikuja upesi kuliko nilivyotazamia. Madebe yote yahamishwe hadi banda la mawe lililokuwa tupu, kupita nyumba za mwisho za mji. Siku mbili nzima punda walipita vichochoroni na madebe, na watu wakinitazama mimi kana kwamba ndimi punda mwenyewe. Maulidi ilisomwa na taa zikawaka, maana mafuta yaliuzwa kule bandani. Nami nililetewa barua ya onyo kwa saini ya mwaka jana. Ilikuwa haki yangu. Nilijiuliza siku nyingi kama haikuwako njia nyingine iliyo laini, nisimvunjie uso mzee wa watu. Hata sasa njia hiyo sijaiona.

Mwaka uliofuata nilikwenda kule bandani. Jua kali, mchanga unachoma. Mwenye ghala, ambaye mwaka mzima aliitikia salamu zangu kwa midomo tu, alikuwa ameketi nje na mshona kofia wake, na buli la kahawa juu ya jiwe.

"Hapa hapana wanawake, Bwana mkaguzi," akasema, akanimiminia. "Kunywa kwanza, umetoka mbali."

Nilikuwa na kiu. "Iweke, Bwana. Nitainywa nikitoka."

Nikaingia. Nikahesabu, nikatoka hadi mlangoni, nikajitilia shaka, nikarudi kuhesabu tena. Nikachomeka mkono katika kila ndoo nione kama mchanga ni mkavu. Nje nilimsikia mshona kofia akisema, "Huyu hata kaburini atahesabu mbao."

"Mwate ahesabu," akasema mwenye ghala, akimkataza.

Nilipotoka kahawa ilikuwa imepoa. Nikatia saini kwanza, kisha nikainywa. Ilinuka tangawizi.