Anayechomoa Waya Ili Apate Likizo

Saa nne na dakika chache asubuhi, fundi wa kompyuta wa hospitali ya meno ameinama chini ya meza, mkono kwenye waya wa mtandao. Jicho moja liko kwenye skrini, la pili kwa mkurugenzi. Wenzake wanaapa analo la tatu kisogoni, ndiyo maana wanamwita Askari.

"Nachomoa, bosi."

"Chomoa. Ila nakutazama."

Kila saa, kompyuta hii hutuma nakala za picha za meno ya wagonjwa kwenye kompyuta nyingine iliyo mji wa mbali. Mwanzoni safari moja ya picha ilikuwa haijaisha, ya pili inaanza. Zikakanyagana, picha zikafika nusunusu. Askari akaweka kufuli: safari ikiingia inafunga, inayofuata ikikuta pamefungwa inarudi.

"Nikajiona mjanja," anasema. "Kumbe nimejenga choo cha wapangaji!"

Mwezi uliopita mtandao uliganda safari ikiwa katikati. Skrini ikaandika "Inaendelea" siku tatu nzima, na zilizofuata zikarudi kwa adabu zote.

"Aliye ndani kalala, nje wanamwambia 'taratibu tu, ndugu'. Tangu hapo, mtu akiniambia inaendelea, namuuliza: imesogea?"

Hata mumewe hajasalimika. Akipiga simu kwamba yuko njiani, huulizwa anapita duka gani.

Leo kinachogombewa ni likizo. Mdogo wake amejifungua mapacha, na mkurugenzi amegoma: ikiganda tena, nani ataigandua? Askari anaapa itajigandua. Safari ikikaa dakika kumi bila kusogea inakatwa, kufuli linafunguka, inayofuata inaendelea pale ilipoishia iliyokatwa.

Waya umetoka. Dakika zinahesabiwa. Mkurugenzi anafuta jasho ambalo lingetosha kufulia shuka. Dakika ya kumi skrini inaandika: "Imekatwa. Kufuli limefunguliwa."

Askari anarudisha waya. Saa tano inapogonga, safari mpya inaanza, namba zinapanda.

"Umepanga na nani?" mkurugenzi anauliza, akichungulia chini ya meza.

"Na wewe, bosi. Si ulikuwa unanitazama?"

"Haya. Ruhusa yako naishughulikia."

Simu inalia. Ni mdogo wake. "Dada, ruhusa vipi?"

"Bosi anasema inaendelea."

"Imesogea?"

Askari anasogeza fomu ya likizo, anaokota kalamu mezani na kuiweka kwenye kiganja cha mkurugenzi. Hangoji dakika kumi.

"Jumamosi nataka mtoto kila mkono," anasema, macho yakiifuata kalamu mpaka nukta ya mwisho ya sahihi. "Nione kama nitapata mkono wa kuchomolea waya."