Njia ya Kufika Kwetu Vulamba

Ujinga wangu mkubwa wa utotoni niliufanya nikiwa nimekaa kwenye kiti, kama mambo yangu yote. Ninyi mliovaa nami sare ya shule, bululu na nyeupe, huko Butembo, miaka ile ya vita, mna makovu ya kuanguka mitini. Mimi nilikuwa mutoto wa nyumbani, wa kunusa sufuria ya maharagwe, na bado nilikaribia kumpoteza kaka yangu bila hata kusimama.

Mnakumbuka kompyuta za shule, nzito kama mawe ya kusagia, na jenereta nyuma ya darasa ikinguruma na kunuka mafuta ya mazout? Tulibanana kwenye benchi moja, Prof Muhindo akitufundisha kutengeneza kurasa za internet. "Kila alama munafungua, muifunge," alikuwa anasema, "sawa vile mama yako anafungaka mlango." Ukisahau kufunga alama moja ya rangi, ukurasa mzima unageuka kijani. Kazi zetu alizibeba kwa disketi mpaka cyber ya mjini, akaziweka dunia nzima izione. Alikuwa amekagua alama tu, maneno hakuyasoma.

Tena alitaka kila ukurasa uwe na anwani, wageni wajue pa kutupata. Sasa, Vulamba ya wakati ule nani alikuwa na namba ya nyumba? Nikaandika kama sisi tunavyomwelekeza mgeni, na mgeni kwetu haelekezwi nusu: panda kutoka kwenye mashini ya kusaga mihogo, kata kushoto penye mikaratusi, mbwa ni mzee hana meno, mlango wa nyuma haufungiki, ukikosa mtu piga hodi jikoni, kaka Kambale yuko pale kila siku.

Kambale alikuwa pale kila siku kwa sababu alikuwa amejificha. Wenye bunduki walikuwa wanakusanya vijana na kuwapeleka msituni, na baba alituagiza tuseme ameenda Kipese kulima viazi. Kwa mdomo nilisema Kipese. Kwa internet nikasema jikoni.

Nilitambua wakati wa chakula, kijiko kikiwa mdomoni. Nikakimbilia mjini, mimi nisiyependa hata kwenda dukani, nikakuta cyber imefungwa. Risasi zilikuwa zimelia upande wa soko. Toka hapo nikawa nasikiliza kila kiatu kinachopita. Sikumwambia mtu. Foufou, ugali wetu wa mihogo, niliuacha kwenye sahani, na ninyi mnanijua, mimi na foufou.

Jumapili, tumetoka misa, askari wakapanda kutoka kwenye mashini. Wakakata kushoto penye mikaratusi. Mbwa hakubweka.

"Mama, kijana yako iko wapi?"

"Kipese," mama akajibu, akiendelea kumenya viazi.

Mmoja akaugeukia mlango wa jikoni. Mkojo ukanishuka mguuni, nikasubiri tu aite jina la kaka. Akainama, akachukua kuku wetu, wakaenda zao.

Cyber ilipofunguliwa nilimweleza Prof, akaufuta ukurasa bila kunigombeza. Kambale yuko hai mpaka leo, ana batoto na kitambi.

Hao batoto wake sasa hawamezi tonge bila kulipiga picha na kutangazia Beni na Lubero yote mahali walipokaa. Nikiwaambia wapunguze, wananicheka: "Baba mudogo, ulishazeeka." Ni kweli. Sisi tulikua tukipumua polepole, na sioni cha kujivunia humo, lakini wao wakicheka, masikio yangu bado yako njiani.

Juzi nilimsimulia Mama Masika, jirani ambaye nyumba yake imegusana na jiko letu tangu zamani, namna ukurasa wangu ulivyokaribia kumuua Kambale. Akanitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyeingia kanisani.

"Wewe na internet yako. Quartier muzima, majirani wote, tulijua Kambale iko mu jiko, tulikuwa tunamusikia anakohoa. Tulinyamaza. Ile ndiyo ilimuponya, hapana Prof yako."