Kuba ya Baba

Mimi kile kisiwa cha Kuba nilikichukia kabla sijajua kiko upande gani wa dunia. Baba yangu alikuwa mwalimu wa historia huko Burundi, kwenye shule moja ya milimani juu ya Bujumbura, na katika historia yote aliyopewa kufundisha alipenda kipande kimoja tu: jinsi watu wa Kuba walivyopigana na Mhispania miaka nenda miaka rudi ili awaachie nchi yao. Ukimuuliza baba chumvi iko wapi, atapitia Kuba kwanza.

Tunakaa Umbilo, ghorofa ya pili, mimi na yeye tu. Mimi nashona: mapazia, sare za shule, zipu za watu walionenepa. Yeye anakaa dirishani na kikohozi chake, anaangalia malori yanayoshuka bandarini. Tuna miaka mingi hapa Durban, na miaka yote hiyo nimemuuliza swali lilelile. Mama alikufaje?

Maana mimi sikuwepo. Nilikuwa na miaka saba, nimepelekwa mjini kwa shangazi, wakati wanajeshi walipowatoa watu milimani wakawarundika kambini ili waasi wakose wa kuwalisha. Baba na mama walikuwa humo. Baba alitoka, mama hakutoka. Shangazi aliniambia ni kuhara. Baba hakuniambia chochote. Kila nikiuliza anakohoa, anapangusa miwani, halafu anaanza: "Mama," ndivyo anavyoniita, kama wazee wa kwetu wanavyowaita binti zao, "mama, kule Kuba vita vya kwanza vilichukua miaka kumi..."

Na mimi nasikiliza, nitafanyaje? Yote nayajua. Namjua yule tajiri wa mashamba ya miwa aliyewaachia huru watumwa wake asubuhi moja akawaambia haya, twendeni vitani. Najua kwamba ile miaka kumi iliisha bila uhuru, na walioshika mapanga wakarudi kukata miwa kwa mapanga hayohayo. Najua walianza upya, na Mhispania alipoona wanamsumbua akaamuru wakulima wote waingie mijini, nyuma ya ngome na seng'enge. Mashamba yao yakachomwa, na atakayeonekana nje akahesabiwa kuwa muasi. Wakafa kwa njaa na homa, watoto kwanza. Hata mwisho naujua: Mhispania aliondoka, na bendera iliyopandishwa siku hiyo ilikuwa ya Mmarekani. Hapo baba hucheka kicheko kibaya na kuniuliza, "Umeona?" Sijaona kitu mimi! Namtaka mama yangu, napewa Kuba.

Siku moja nilimfokea. Nilimwambia, baba, wewe unawalilia watu waliokufa kabla baba yako hajazaliwa, na mkeo umemsahau kabisa. Hakula siku ile. Nilijuta, lakini si sana.

Mwaka huu kikohozi kilizidi, akaanza kutema damu, nikampeleka hospitali ya serikali. Tulikaa foleni tangu asubuhi. Daktari tuliyempata alikuwa mwanamume mfupi mwenye mvi, Kiingereza chake kinakwaruza kama chetu. Baba akamuuliza anatoka wapi. Akajibu, Kuba.

Eish! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Baba alikaa wima kama mtu aliyeongezwa damu, akaanza kumsomesha yule daktari historia ya nchi yake mwenyewe, na nje watu wamejaa hadi kwenye ngazi. Daktari wa watu hakukasirika. Alisikiliza. Baba alipofika kwa wale wakulima waliofungiwa mijini, daktari akasema kwamba bibi wa mama yake alikuwa mmoja wao, na alipoteza watoto wawili humo.

"Kwetu wanasimulia," akasema, "kwamba bibi huyo hakuwachukia sana askari wa Kihispania. Aliyemchukia mpaka anaingia kaburini ni jirani yake, aliyekubali kuwashikia orodha ya watu."

Baba akanyamaza. Nilikuwa sijawahi kuona mtu akimnyamazisha baba kwa habari za Kuba. Daktari alimsikiliza kifua, akaandika dawa, halafu akanivuta pembeni akaniambia mapafu yamechoka, nisitegemee miaka.

Tulikwenda kukaa kwenye benchi mbele ya dirisha la dawa. Ilikuwa saa sita mchana, joto, mtoto wa mtu analia bila kupumzika. Nilidhani baba anawaza ugonjwa wake. Nilikuwa natafuta la kumwambia, na yeye akasema bila kuniangalia:

"Orodha niliishika mimi."

"Orodha gani, baba?"

"Ya kambini. Walitaka mtu anayejua kuandika. Nani mwingine? Mwalimu. Kila siku saa moja asubuhi naita majina, nyumba kwa nyumba, mwanajeshi amesimama nyuma yangu. Ruhusa ya kwenda shambani ilikuwa saa nne, si kabla."

Akakohoa. Sikumpigapiga mgongo kama kawaida.

"Mama yako alitoka alfajiri. Hakuniambia. Tulikuwa siku mbili hatujala, akaenda kuchimba viazi vitamu shambani kwetu. Nikafika kwenye jina lake, pakawa kimya. Mama, yule mwanajeshi alikuwa anawasha sigara! Wala kusoma hakujua. Ningetia alama tu niendelee. Watu wote walikuwa wananiangalia, wananingoja niendelee. Lakini nilikuwa nimeita majina darasani miaka kumi na minane. Mdomo ulisema wenyewe. Nikasema, hayupo."

"Baba."

"Akauliza, nani hayupo? Nikasema, ni mke wangu. Nilidhani nikisema ni mke wangu..." Hakumaliza hilo. "Walimngojea njiani. Alirudi na viazi kwenye kitenge."

Nasema kweli, nilitaka kumpiga. Mzee mgonjwa, mbele za watu, nilitaka kumpiga makofi. Badala yake nikamuuliza, sijui kwa nini hilo:

"Na kesho yake?"

"Kesho yake nini?"

"Kesho yake asubuhi, saa moja. Ulifanya nini?"

Alitazama mikono yake.

"Niliita majina," akasema.

Nilichukua dawa zake. Tulipofika kwenye robot, zile taa za barabarani, nilimshika mkono, kwa sababu haoni vizuri na hawa madereva wa taxi hawamngoji mtu. Tangu siku ile nampikia, namfulia, namwamsha kumeza vidonge. Wamama wa kanisani wanasema Mungu atanilipa. Hawajui kitu. Hapa kwenye karatasi naandika baba, baba, bila shida, lakini mdomoni neno limekataa. Namwambia tu, chakula kiko mezani. Namwambia, vaa sweta.

Kuba hasimulii tena. Nyumba imenyamaza kiasi kwamba nikisimamisha cherehani nasikia anavyopumua upande wa pili wa ukuta. Kuna wakati anauliza kutoka chumbani kwake, kwa sauti ndogo, "Mama, umeniita?"

Sijamwita.