Kopo la Mama Sabuni

Mama Sabuni amefua jezi za klabu yetu miaka ishirini na miwili, na haloweki nguo kabla ya kupekua mifuko. Anachookota hukiweka kwenye kopo mpaka mwenyewe aje kukidai. Mwenyekiti alipoingia madarakani alimbebesha na nguo zake za nyumbani, bure, eti ni heshima.

Wachezaji watatu walipokutwa na dawa za kuongeza nguvu na kufungiwa, mwenyekiti aliapa mbele ya kamati ya uchunguzi kwamba walizinunua wenyewe. Mama Sabuni akaingia bila hodi, akabwaga kopo mezani.

"Risiti ya dawa hizo ilikuwa kwenye suruali yako, mheshimiwa. Jina lako hilo hapo."

Jumamosi vijana wetu wanarudi uwanjani. Suruali zake sasa mwenyekiti anazifua mwenyewe.